Ada ya Ujirani Mwema

Ngo, ngo, ngo. Kijiko kiligonga bomba mara tatu, kikatulia.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Giza bado lilikuwa limeyashika madirisha, na theluji ya Grand Rapids, jimboni Michigan, ilianguka taratibu kama isiyo na safari. Arlene Hoeksema alikuwa macho tayari, ameketi ukingoni mwa kitanda, anatafuta ndara zake kwa vidole vya miguu. Alinyoosha mkono mpaka dirishani, akachukua kijiko cha supu, akainama na kuligonga bomba la kupasha joto mara mbili. Kisha akasubiri. Kutoka orofa ya chini likaja pigo moja zito, la mtu mwenye usingizi.

Basi. Wote watatu wameamka, siku ingeweza kuanza.

Aliyegonga kwanza alikuwa Vern Postma wa orofa ya tatu, mzee wa miaka themanini na mitatu aliyemaliza ujana wake katika kiwanda cha samani, na ambaye mpaka leo hawezi kupita mbele ya meza bila kuipapasa. Aliyegonga mwisho alikuwa Marisol Ibarra wa orofa ya chini, mfuaji wa mashuka hospitalini. Arlene, wa katikati, alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, mpishi mstaafu wa shule. Walianza kugongeana majira ya baridi yale ambayo Bi Trudy Bouma alianguka jikoni kwake akalala sakafuni siku mbili kabla mtu hajajua. Bi Trudy alipona, lakini hakurudi tena. Siku alipochukuliwa Vern alisema, "Bomba ni moja na vijiko tunavyo." Ikawa ndiyo desturi.

Enzi hizo mwenye nyumba alikuwa Bwana Tubergen. Alipandisha kodi dola kumi kila baada ya miaka miwili, na kila alipopandisha alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi na uso mwekundu, kama mtu aliyevunja dirisha la jirani. Alipokufa, wanawe waliokuwa Arizona waliiuza nyumba ile ya matofali mekundu kwa kampuni moja ya Texas. Kampuni hiyo ilikuwa na jina la kiota cha ndege, na alama yake ilikuwa kiota chenye mayai matatu. Vern aliitazama alama ile mlangoni, akasema, "Mayai yenyewe ni sisi."

Kiota ilileta maendeleo. Ilipaka korido rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Iliondoa benchi la mwaloni ambalo Vern alilitengeneza kwa mikono yake, ikaweka kiti cha chuma ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia mara mbili. Chumba cha kufulia kikaitwa Studio ya Mavazi, na mashine zikabaki zile zile, moja ikivuja. Meneja naye hakuitwa meneja tena; aliitwa Balozi wa Furaha ya Wakazi.

Balozi mwenyewe alikuwa Kelsey Brandt, binti wa miaka ishirini na sita mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuja kwa Arlene mwezi wa Oktoba, kishikwambi mkononi.

"Bi Hoeksema, naomba dakika tano tu. Unapenda nini zaidi kuhusu kuishi hapa?"

Mtu wa mahali pengine angesema "hakuna" akafunga mlango. Lakini Arlene alizaliwa magharibi mwa Michigan, ambako mtu aliyevunjika mguu akiulizwa hali hujibu, "Si mbaya sana, na wewe je?" Akamkaribisha binti, akamkatia banketi, ule mkate mtamu wenye lozi ndani ambao mama yake na bibi yake waliuoka, akamimina kahawa, akaanza kusifu. Alimwambia habari za vijiko na bomba. Alimwambia jinsi yeye na Vern wanavyomwaga chumvi ngazini ili watu wasiteleze, na jinsi anavyopamba lango kwa maua kiangazi na matawi ya msonobari wakati wa baridi. Kelsey aliandika, akala vipande viwili, na alipoondoka alikuwa amekaa saa moja na dakika kumi.

"Sijawahi kukaa jikoni kwa mtu tangu nianze kazi hii," alisema mlangoni. Arlene alimfungia kipande cha tatu kwa ajili ya njiani.

Barua ilikuja Januari, ndani ya bahasha yenye moyo mwekundu.

Arlene aliisoma peke yake mara mbili, kisha akawaita Vern na Marisol, akawasomea mezani.

"'Habari njema, Arlene! Nyumbani kwako kunazidi kuthaminika!'"

"Loo," alisema Vern. "Hapo tumekwisha."

"'Kuanzia Machi mosi, kodi yako mpya itakuwa dola elfu moja mia tatu tisini na tano.'"

Alikuwa akilipa mia tisa themanini na tano. Pensheni zake mbili zikiunganishwa hazikufika elfu moja na mia nane. Marisol alimsukumia sukari, ingawa alijua Arlene hatumii.

"Kuna na Ada ya Ujirani Mwema, dola arobaini na tano kwa mwezi. Subirini, wameeleza. 'Ada hii inakuhakikishia salamu ya usalama kila alfajiri, vitafunwa vya kuokwa nyumbani, lango lililopambwa kwa kila msimu, na ngazi zilizotiwa chumvi kwa upendo.'"

Vern aliinua kichwa polepole. "Salamu ya alfajiri? Si mimi hiyo na kijiko changu?"

"Ni wewe."

"Na vitafunwa?"

"Ni mimi, Vern. Yote ni mimi na wewe. Wananiuzia mimi mwenyewe, tena kwa bei ambayo mimi mwenyewe siiwezi." Alikunja barua, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama stempu. "Na aliyewaambia ni mdomo wangu."

"Usijilaumu, Mama Arlene," alisema Marisol. "Wewe ulimkaribisha mtu, wao wakafungua duka. Sasa nisikilizeni. Jumamosi wanaleta watu kutazama fleti zilizo wazi. Wema wenu ndio bidhaa yao, sivyo? Basi fungeni duka. Hakuna chumvi, hakuna keki, hakuna salamu. Watu waone nyumba ilivyo bila nyinyi. Wakikosa wateja, bei itashuka."

"Mgomo?" aliuliza Vern, na macho yakamng'aa, maana kiwandani aliwahi kugoma mwaka wa sitini na tisa na hajaacha kusimulia.

"Mgomo."

"Tukikutana ngazini?"

"Hatusalimiani," alisema Arlene.

"Hata kwa kichwa?"

"Hata kwa kichwa."

"Na nikikukanyaga?"

"Huombi radhi."

Vern aliwaza sana. "Hapo mmenipa kazi ngumu."

Wakakubaliana mgomo uanze Ijumaa. Kisha, kama ilivyo kwa watu wa huko, wakaagana kwa dakika arobaini, ishirini mezani na ishirini wamesimama mlangoni huku baridi ikiingia.

Ijumaa alfajiri bomba halikulia.

Arlene alikuwa ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi. Alijua ni mgomo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hakuna salamu. Lakini alifikiria sakafu ya Bi Trudy. Alifikiria dawa za moyo za Vern, na jinsi jana alivyopanda ngazi akipumzika mara mbili. Mtu aliyegoma na mtu aliyekufa, kwenye bomba, hawana tofauti yoyote. Hilo hawakulifikiria mezani.

Alivumilia dakika nne. Ya tano ilimkuta ngazini na gauni la kulalia, koti juu yake, anapanda.

Vern alifungua mlango kabla hajagonga. Alikuwa amevaa viatu na kofia.

"Umevunja mgomo," alisema.

"Nilidhani umekufa!"

"Nimegoma, bibi wewe! Tulikubaliana!"

"Na hiyo kofia na viatu, ulikuwa unakwenda wapi?"

Vern alitazama pembeni. "Nilikuwa nashuka kuangalia kama umeamka."

Wakasimama hapo wakitazamana, na kutoka chini, kwa hasira na usingizi, Marisol akalipiga bomba mapigo saba mfululizo. Wote wawili walielewa alichosema, na hakikuwa cha kanisani.

Wakarekebisha masharti. Bomba lisiingie mgomoni. Mengine yote, ndiyo.

Jumamosi asubuhi lango lilikuwa tupu. Arlene alikuwa ameondoa matawi yake ya msonobari, na ngazi za nje zilikuwa zinang'aa kwa barafu kama kioo. Kila alipozitazama kupitia dirishani, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ndoo ya chumvi, akaurudisha. Vern alikaa naye ili wasimamiane.

Saa nne gari dogo la Kelsey likasimama. Nyuma yake likaja gari la wageni: kijana mrefu na mke wake mwenye mimba kubwa.

"Tusifungue," alinong'ona Vern.

"Sifungui."

"Umesimama, Arlene."

"Nimesimama tu."

Kelsey alitangulia, kishikwambi kifuani, tabasamu la kazi usoni. Ngazi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu miguu yake ilikwenda Texas na yeye akabaki Michigan, akaanguka kwa kishindo ambacho Arlene alikisikia kwenye meno yake.

Mgomo uliishia hapo. Vern alitoka na chumvi, akaimwaga kama mtu anayelisha kuku, akimwambia kila mtu pole na samahani, pamoja na gari. Arlene alimshika mke mjamzito mkono asiteleze. Kelsey akabebwa mpaka jikoni, mguu ukawekwa juu ya kiti na mfuko wa njegere za barafu juu yake. Machozi yalipomlengalenga, Arlene alimtia mkononi pipi nyeupe ya mnanaa, ile ambayo kina bibi wa huko humpitishia mtoto kanisani mahubiri yakianza kurefuka. Kahawa ikamiminwa. Na kwa kuwa banketi ilikuwa imeokwa jana, ya Arlene mwenyewe tu, ya siri, ikakatwa.

Wageni walijitambulisha. Tessa na Garrett Lindquist, kutoka Chicago.

"Mpenzi," Tessa alimwambia mumewe, akishika kikombe kwa mikono miwili, "hapa. Nataka hapa hapa."

"Fleti iliyo wazi iko upande wa pili," alisema Kelsey kwa sauti ya maumivu.

"Hapana, namaanisha hii. Jiko hili. Hii itakuwa wazi lini?"

Kelsey aliangalia njegere. Vern aliangalia dari. Mtu mwingine yeyote angesema, "Dada, mimi naishi hapa." Lakini Tessa alikuwa mgeni, na amechoka, na ameuliza kwa adabu. Arlene alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kama anayetaja saa ya basi:

"Machi mosi, nadhani."

Wageni walipoondoka, wakiwa na kipande cha njiani, Vern aliweka paji la uso mezani.

"Arlene. Umejihamisha."

"Aliuliza."

"Mwaka wa sitini na tisa tungekuwa na wewe, mpaka leo tungekuwa tunamlipa bosi."

"Bi Hoeksema," alisema Kelsey. Alikuwa hajanyanyuka. "Nisamehe. Kodi siipangi mimi. Haipangi mtu. Kuna programu huko Dallas. Inatazama mtaa mzima usiku kucha, asubuhi inatupa namba. Nikiigusa, mfumo unaniuliza sababu, na 'ni mwanamke mwema' haimo kwenye orodha ya sababu. Nimetafuta." Alijifuta pua. "Mimi mwenyewe nalala kwenye chumba cha chini kwa wazazi wangu, Greenville. Naendesha dakika arobaini kuja kuwa balozi."

Arlene alimkatia kipande kingine. Alikuwa na hasira, lakini hakuona sababu ya kumpa hasira hiyo msichana mwenye mguu uliovimba.

Fleti ya Arlene ilipangishwa kwa akina Lindquist kwa dola elfu moja mia sita na hamsini. Programu ya Dallas ilikuwa imegundua kwamba jengo lina kile ilichokiita "joto la kijamii".

Ilibaki swali la mahali pa kwenda. Binti yake alikuwa Kalamazoo, mwenye watoto wanne na mbwa wawili, na chumba alichompa kilikuwa na mashine ya kukimbilia. Wiki tatu kabla ya Machi, Vern alishuka, akakaa, akaipapasa meza.

"Nina vyumba viwili," alisema. "Cha pili kina mashati ya marehemu mke wangu Joanne tu, na yeye hatajali. Peke yangu siiwezi kodi yao mpya, peke yako huiwezi yako. Wawili tunaweza. Nimesoma mkataba. Mtu wa ziada asiye ndugu, dola sabini na tano kwa mwezi."

"Sabini na tano! Kwa kupumua?"

"Mke ni bure." Alikohoa. "Cheti pale kwa karani wa wilaya ni dola ishirini."

"Vern Postma, huo ndio uchumba mbaya kuliko wote niliowahi kusikia, na mimi niliposwa na mtu wa ukoo wa Hoeksema."

"Nimesema tu ilivyoandikwa."

"Nitalipa hizo sabini na tano. Na Jumapili nitamwambia mchungaji mimi mwenyewe kabla akina Ruth na umbea wao hawajamaliza kuvua makoti."

Siku ya kuhama, Kelsey alikuja katika mapumziko yake, bila beji, akabeba masanduku kumi na manne kwa mguu uliokuwa bado ukimuuma. La mwisho lilikuwa la vijiko, na alilibeba kwa mikono miwili.

Maisha ya juu hayakuwa mabaya. Vern alikoroma, Arlene aliimba zaburi akiosha vyombo, na kila mmoja alijifanya hasikii. Kila alfajiri Vern aliendelea kugonga bomba, sasa kwa ajili ya Marisol tu, na pigo zito likarudi kutoka chini.

Mwezi wa Aprili barua nyingine ikaja, ya Vern, nayo ina moyo mwekundu. Mpangaji wa orofa ya pili amelalamika kuhusu kelele za chuma saa kumi na moja alfajiri. Faini dola hamsini. Likitokea tena, mkataba utavunjwa.

Vern aliisoma akiwa amesimama. "Wanaowalipisha wapangaji arobaini na tano kwa kugonga kwangu," alisema taratibu, "wananitoza mimi hamsini kwa kugonga huko huko."

"Kaa chini, Vern."

"Mimi sikasiriki. Nastaajabu. Kiwandani tulikuwa na wezi, lakini hawakuwahi kuiba msumeno na kumlipisha mwenye msumeno faini ya kelele."

Lakini alfajiri iliyofuata hakugonga. Alikaa na kijiko mapajani, hana mgomo wowote, anaogopa tu. Dakika chache baadaye Marisol akapanda mbio na sare ya kazi, viatu havijafungwa, kuja kuona kama wako hai.

Hapo Arlene akaona imetosha. Alioka. Saa tatu akashuka na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, barua ikiwa mfukoni, akabisha mlango uliokuwa wake kwa miaka kumi na tisa.

Tessa alifungua, nywele zimesimama, mtoto wa wiki tano begani, fulana imelowa maziwa. Alipomwona Arlene, alisogea kando kumpisha.

Jiko lilikuwa limepakwa kijivu. Arlene alilipita kwa macho haraka, kama mtu anayelipita jeneza, akaweka sahani mezani na kumchukua mtoto. Mtoto alinyamaza.

"Garrett amerudi Chicago siku za kazi," alisema Tessa, akajitupa kitini. "Walimwita ofisini. Niko peke yangu Jumatatu hadi Ijumaa. Unajua tunalipa ada ya ujirani? Nilidhani kuna mtu atakuja. Nilingoja wiki mbili. Nikapiga simu Texas, wakaniambia huduma hutolewa kulingana na hali." Alicheka, na kicheko kikawa kilio. "Nilichagua nyumba hii kwa sababu yako. Halafu wewe ndiye ukaondoka."

"Sikwenda mbali. Niko juu ya kichwa chako."

"Wewe ndiye unayeimba?"

"Kwa bahati mbaya."

Arlene aliitoa barua, akaikunjua mezani. Tessa aliisoma, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Garrett aliandika. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala. Tulidhani ni bomba bovu."

"Si bovu, mwanangu. Ni Vern. Anauliza kama tuko hai." Akamweleza yote, polepole, huku akimbembeleza mtoto: Bi Trudy sakafuni, mapigo matatu, mawili, moja. "Zamani mawili yalikuwa ya fleti hii. Kijiko kilikaa hapo, dirishani."

Tessa alilitazama dirisha. Akasimama, akafungua droo moja, ya pili, akatoa kijiko kipya kinachong'aa, akakiweka pale. Kisha akachukua simu yake, na kabla Arlene hajauliza akawa anasoma kwa sauti huku akiandika: "Sisi wa orofa ya pili tunaondoa malalamiko yetu. Sauti tuliyoisikia ni ile huduma tunayoilipia. Tafadhali mrudishieni Bwana Postma dola zake hamsini, na mtueleze zetu arobaini na tano anapewa nani."

"Hawatajibu," alisema Arlene.

"Basi nitaandika kila siku. Niko macho saa zote."

Walikula vipande viwili kila mmoja. Mtoto alilala kifuani kwa Arlene, mzito kama mkate uliotoka tanuri, na alipomlaza kitandani aliona kwamba Tessa naye amefunga macho pale kitini. Akaosha vikombe bila kelele. Alijua sabuni ingekuwa wapi. Ilikuwa pale pale.

Alikuwa ameshika kitasa cha mlango Tessa alipoamka.

"Sahani yako!"

"Iache hapa. Kwetu sahani hairudi tupu, na wewe huna muda wa kuoka."

"Bi Arlene." Tessa alikuja mpaka mlangoni, bila viatu, amejifunika kitambaa cha mtoto mabegani. "Kesho nitagonga. Mara mbili, sivyo? Lakini usiishie kugonga. Njoo tena. Njoo hata kama huna kitu mkononi. Tafadhali, njoo tena."